Makoti Matatu

Ni naftalini iliyonisimamisha. Nilikuwa nimeshuka Lilongwe asubuhi kununua uzi na zipu, sina habari na mtu, nikapita pale wanapouza kaunjika, yaani nguo za mitumba, na mwanamke mmoja ndiyo kwanza anafungua belo la makoti. Akalikung'uta la kwanza. Harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu ikanipanda puani, na mimi, mama wa watoto wawili, nikashika nguzo ya kibanda cha watu nikaanza kulia. Yule mwanamke akaniuliza kwa Kichewa kama naumwa. Nikamwambia zikomo, asante, siumwi, nimefiwa. Nilikuwa nimefiwa kweli, ila nililia kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo nataka kuiandika.

Tulikuwa tumemzika Mama Mudogo mwezi uliotangulia. Kwetu Uvira mdogo wake mama yako unamwita hivyo, na huyu wangu ndiye aliyenilea hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Siku ya kumaliza kilio wamama wa kanisa walikuja tugawane vitu vyake, wengine wamebeba mabeseni kabisa ya kutilia. Vitu vyenyewe vikaenea juu ya meza yake ya kukatia nguo: sufuria moja na mwiko wake, sahani tatu za maua, blanketi, vitenge viwili, Biblia, mkasi. Mama mmoja akainama akachungulia chini ya kitanda, akainuka na vumbi magotini.

"Na bingine biko wapi?"

Riziki, binti yake wa kumzaa, akamjibu bila kumtazama: "Njo byote, mama, hakuna bingine."

Tangu siku hiyo sipumui. Wasichana wa kanisa wamenishika: Dada Sifa, utufundishe kuishi kama yule mama, na vichache, kwa utulivu, kila jambo kwa makusudi. Wanayaona mambo hayo kwenye simu, yakifundishwa na watu wenye nyumba nyeupe zisizojua vumbi. Nawaambia nitakuja. Na kwa miaka mingi mimi mwenyewe ndivyo nilivyomtangaza, mwanamke aliyezaliwa hapendi makorokoro. Uongo mtupu. Nyumba yetu ilikuwa imejaa mpaka juu, na siku alipoanza kuimwaga nje niliogopa mpaka nikawa mwizi.

Ninyi tuliokua pamoja kambini mnakumbuka tulivyokuwa tunajua nani anaondoka. Mtu akishaambiwa ofisini kwamba kesi yake imepita na atapanda ndege, anafunga mdomo. Wivu upo, kulogwa kupo, na kila mtu alikuwa na hadithi ya familia iliyorudishwa siku ya mwisho kwa sababu ya mdomo wao. Ukimuuliza lini safari, anacheka: "Mi siendi fasi," yaani siendi popote. Lakini vitu havijui kunyamaza. Leo unaona beseni la mama fulani limeanikwa mlangoni kwa jirani, kesho godoro lake liko kwa mwingine, kesho kutwa mlango una kufuli na watoto uliocheza nao juzi hawapo. Hakuna aliyekuaga. Mimi nilipoteza hivyo marafiki wawili katika msimu mmoja wa mvua, na tangu hapo nikajifunza kutazama mabeseni.

Mama Mudogo alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa mlangoni penye mwanga, na chini ya kitanda ilikaa valizi kubwa ya kijani, sanduku la safari. Kila kitu kizuri kilikuwa humo. Sahani za maua, valizini. Sisi tulilia nsima, ugali wa huku, kwenye sahani za plastiki zilizoungua kando. Mashuka mapya, valizini. Sisi tulijifunika vitenge vilivyochoka. Ukuta wa nje haukupigwa plasta na mvua ikaula mwaka hata mwaka. Jirani akimwambia apande japo mpapai, anajibu, "Nimupandie nani? Papai tutakula kule." Kule. Jina la nchi hatukuwa nalo, tulikuwa na neno hilo tu. Na kisichoenea valizini alikilimbikiza vilevile, mabeseni matano, masufuria, madumu, magunia ya vipande vya vitambaa, kwamba siku ya safari patakosekana nini. Chumbani tulikuwa tunapita ubavu.

Nilifika kwake nikiwa na miaka saba, nimeletwa na watu wa Fizi baada ya mama yangu kufa njiani. Waliniandikisha peke yangu, kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa na jina langu tu. Mama Mudogo alikuwa na karatasi yake ya zamani yenye majina matatu: lake, la Riziki, na la Bahati, kitindamimba wake. Mtoto haelewi karatasi. Nilichokielewa ni makoti.

Riziki alinionyesha yeye mwenyewe. Siku za soko, mama yake akitoka, aliivuta ile valizi, akaifungua, na naftalini ikajaa chumba kizima. Koti lake lilikuwa jekundu, la kofia, yaani kofia imeshonewa palepale shingoni, na lilimfika magotini. Alilivaa mbele ya kipande cha kioo, jasho linamtoka kwa joto la mwezi wa kumi, akatembea kutoka mlangoni mpaka kitandani akisalimia watu wasiokuwepo. "Bonjour, madame! Baridi iko mingi leo!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. La Bahati lilikuwa la bluu, la mama yao jeusi. Siku moja nikamuuliza langu liko wapi. Akavua lake, akalikunja polepole, mikono ndani.

"Weye ulikuya nyuma," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo niliijua hesabu, na mimi sikuwemo.

Nina miaka tisa, mwishoni mwa mvua, Mama Mudogo akaitwa ofisini. Alirudi saa nane mchana, hakula. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mguu juu ya pedali, hashoni. Halafu akamwita Riziki nyuma ya nyumba, na mimi nikatumwa maji. Bombani palikuwa na foleni ndefu. Niliporudi na ndoo, walikuwa bado wanaongea, kwa sauti ya chini. Baadaye Riziki akaingia akalala uso ukutani, kichwa kinamuuma. Alikuwa na miaka kumi na miwili na kichwa hakijawahi kumuuma. Mama Mudogo akaivuta valizi katikati ya chumba, akaifungua, akaitazama tu.

Kesho yake beseni letu la bluu lilikuwa limeanikwa mlangoni kwa Mama Neema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Nililiona nikitoka shule, nikaingia ndani nikahesabu yaliyobaki: manne.

Alifanya kwa utaratibu ulionitia baridi. Kila alasiri alichukua kitu kimoja, kimoja tu, akakiweka juu ya meza, akakaa nacho. "Hii tunaitumia leo?" anatuuliza. Bahati alisema ndiyo kwa kila kitu, hata kwa dumu lililotoboka. "Leo, nimesema. Si kule." Kama jibu ni hapana, alikipangusa, akakipeleka kwa mkono wake kwa mtu aliyemchagua, akarudi. Sufuria ya pili. Ya tatu. Madumu. Mashuka mapya, mama wee! Mashuka ambayo hatukuruhusiwa hata kuyagusa akampa msichana aliyekuwa amejifungua. Hakuharakisha wala hakuonekana na huzuni. Mtu anayekimbia vita hutupa vitu. Huyu, kwa macho yangu, alikuwa anaaga.

Mama Neema akaja kupeleleza, amekaa kwenye benchi pamoja na wateja wengine wawili.

"Mama Riziki, kweli utatukumbuka sisi?"

"Mi siendi fasi, Mama Neema."

"Eeh! Njo vile banasemaka bote!"

Wakapasuka kicheko. Mama Mudogo naye akacheka, na mimi niliyekuwa naokota vipande vya vitambaa chini ya meza nikaviangusha vyote. Afanyeje mtu kama huyo? Kila alivyokana, kambi ilizidi kuamini, na mimi niliamini kuliko kambi nzima.

Nikawa mtoto mzuri mpaka inachosha. Nilifagia palipokwisha kufagiwa. Nilichota maji bila kutumwa. Nilikula kidogo, nikasema nimeshiba, nikidhani mtu hawezi kumwacha mtoto mwenye faida asiye na gharama. Shuleni nilikaa hadi mapumziko, halafu nikakimbia kurudi mpaka kona ya kanisa, pale mlango wetu unapoonekana, nikaangalia kama una kufuli. Hauna. Nikarudi darasani nimechelewa, nikachapwa, nikashukuru.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo: mkasi. Ulikuwa mkasi mzito wa chuma, mweusi mpinini. Mama Mudogo aliutoa Uvira kifuani, umefungwa kwenye kitenge, na alivuka nao ziwa na nchi nzima ya Tanzania akiwa ameacha hata viatu. Na alivyoutumia! Kitambaa cha mtu alikitandaza kwanza, akakipitishia kiganja kutoka pindo hadi pindo, akanyamaza kidogo, macho chini. Hapo hata Bahati alijua kunyamaza. Ndipo anakata. Nikasema moyoni, huyu mama anaweza kuniacha mimi, lakini mkasi hawezi. Basi mkasi usipoonekana, hatasafiri.

Siku alipokwenda kupeleka nguo za mteja, niliuchukua mezani, nikaenda nyuma ya jiko, nikauzika kwenye tuta la lengalenga, mchicha wetu. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Niliupanda kama mbegu, nikarudishia mboga juu, nikaingia ndani nikafagia.

Sikujua ninachofanya. Pasaka ilikuwa imebaki siku kumi na meza yake ilikuwa na vitenge vya kwaya nzima ya wamama. Aliutafuta mkasi kwa utulivu kwanza. Halafu akainua godoro. Halafu akapiga magoti akapapasa chini ya cherehani kwa mikono miwili. Akaazima mkasi wa watu, ule wa kutafuna nguo badala ya kukata, na siku hiyohiyo ukamharibia mkono wa gauni la mwenye kwaya. Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ilinyesha, na mimi nilisikia kila tone linaangukia mkasi.

Wateja ndio walioanza. Nani aliingia humu siku ile? Mama Neema. Nani anapewa kila kitu cha nyumba hii? Mama Neema. Mama Mudogo hakusema neno mwizi hata mara moja, lakini neno halihitaji miguu yake. Jumatatu Mama Neema alitokea mlangoni, macho mekundu, akalibwaga lile beseni la bluu chini mpaka likadunda.

"Chukua bintu byako! Unanipa beseni halafu unaniita mwizi?"

"Mi sijakuita mwizi."

"Bantu banasema, na weye unanyamaza! Batoto bangu banazomewa ku bomba juu ya mukasi yako!"

"Mama Neema, ikala kwanza," akamsogezea kiti.

"Siikale! Endeni kwenu kule kwa baridi, mutuache!"

Bahati akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio, nimekauka. Nilitaka kusema, Mungu anajua nilitaka. Lakini nikisema, mkasi utarudi, na mkasi ukirudi, wataondoka. Nikachagua kunyamaza, nikamwacha mama wa watu aondoke akiitwa mwizi. Jioni ile Riziki alinishika mkono, akaugeuza, akaziangalia kucha zangu. Zilikuwa na udongo, maana kila siku nilikwenda kupapasa kama mkasi bado upo. Nikangoja anitaje. Akachukua sabuni, akaninawisha kidole kimoja kimoja.

Siku mbili baadaye Mama Mudogo akaniambia: "Sifa, kesho unaenda na mimi Lilongwe."

Alikuwa hajawahi kunipeleka Lilongwe. Asubuhi alinisuka upya, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanivalisha gauni langu la kanisa. Akatoa mfuko mkubwa uliofungwa kamba, umevimba. "Shika upande huu," akasema. Riziki alikuwa amesimama pale mlangoni, mkubwa kuliko mimi, mwenye nguvu kuliko mimi, na hakuinua kidole. "Mi sibebe," alimwambia mama yake, akaingia ndani. Nilimwona mvivu. Nikawaza pia kwamba ameshindwa kuniaga.

Njiani sikusema. Tulipopita Kanengo harufu ya tumbaku ya maghala ikaingia dirishani, na mimi nikawa nahesabu vituo ili nijue njia ya kurudi peke yangu. Kwa maana nilikwishajua tunaenda kwa nani. Tulikuwa tunaenda Area 18 kwa Maman Clarisse, mama wa kanisa kutoka Bukavu, mwenye nyumba ya ua na makochi ya vitambaa vya kufuma, na ambaye kambi nzima ilijua hana mtoto na anatafuta wa kumlea. Mfuko ule ulikuwa na nguo zangu. Ulikuwa mzito kupita nguo zote nilizokuwa nazo, lakini hofu haipimi uzito.

Maman Clarisse alitupokea vizuri mno. Alinimiminia chai ya maziwa, akanipa mkate wenye siagi, akanitazama kichwa mpaka miguu.

"Njo huyu Sifa? Amekomaa! Unapenda hapa kwangu, mupenzi?"

Nikaurudisha mkate kwenye sahani. Akamgeukia Mama Mudogo, akashusha sauti, si ya kutosha.

"Na umeamua kweli, dada? Hautajuta?"

"Nimeamua."

"Haiko rahisi."

"Nimeamua, Clarisse. Fungua mufuko."

Hapo nikapasuka. Niliinuka na kikombe kikaanguka juu ya vile vitambaa vyake vyeupe. "Mi sibaki! Sibaki hapa! Nitachota maji! Sitakula mingi! Mukasi iko mu lengalenga, nilizika mimi, si Mama Neema, nilizika juu musiende, nitauchimbua, lakini musiniache!" Nilimshika Mama Mudogo kiuno kwa mikono miwili na sikuwa na nia ya kumwachia hata wanikate.

Chai ilikuwa inadondoka sakafuni. Mama Mudogo hakunibandua. Aliinama nami nikiwa nimemng'ang'ania hivyohivyo, akafungua kamba ya mfuko, na naftalini ikanipiga usoni. Akatoa koti jeusi, akaliweka kwenye kochi. Akatoa la bluu. Akatoa jekundu, akalinyoosha kofia kwa kiganja, taratibu, namna anavyonyoosha kitambaa cha mteja.

"Kuko familia moja ya kanisa banapanda ndege wiki ijayo," Maman Clarisse akaniambia, sasa naye analia. "Hawana manto, koti hata moja. Njo nilimuomba mama yako."

"Weye pia ulisema nitaenda?" Mama Mudogo akaniuliza. Alikuwa amekasirika, nawaambia, alikuwa amekasirika kweli. "Nilisema mara ngapi mi siendi fasi?"

"Bote banasemaka vile," nikajibu kwa kwikwi.

Akakaa chini, palepale sakafuni karibu na chai iliyomwagika, akanipakata nilivyo mkubwa. "Sikiliza. Miaka sita nimeishi ndani ya valizi. Nimechoka. Nataka kuishi ndani ya nyumba, na batoto bangu batatu, leo. Umesikia? Batatu." Akanifuta kamasi kwa pindo la kitenge. "Na nilikuleta unisaidie kubeba. Makoti ni mazito na Riziki alikataa. Njo ile tu."

Tulirudi jioni hiyo. Alinisimamisha kwenye tuta, nikachimba kwa mikono yangu. Mkasi ulikuwa mwekundu kwa kutu. Hakunichapa. Alinishika mkono, akabeba lile beseni la bluu, tukazunguka mpaka kwa Mama Neema, na mbele ya watoto wake wote nikasema nilichofanya, neno kwa neno, na nilipomeza neno alinirudisha nilianze upya. Mama Neema alinisikiliza mikono kiunoni. "Weye katoto," akasema mwishoni, "ungeniua." Halafu akachukua beseni lake la bluu akaingia nalo ndani, na mimi nikajua amesamehe. Wiki nzima nikausugua mkasi kwa majivu na mafuta. Kutu ilitoka isipokuwa doa moja karibu na msumari wa katikati, ukubwa wa punje ya mtama.

Baada ya hapo ndiyo yakaanza maisha ambayo wasichana wa kanisa wanataka niwafundishe. Plasta ilipigwa. Mpapai ulipandwa. Sahani za maua zilitoka, tukalia sombe, yaani kisamvu, na dagaa siku ya Jumanne tu ya kawaida, na wiki hiyohiyo Bahati akavunja moja. Mama Mudogo alifagia vipande. "Ilikuwa sahani nzuri," akasema, "na tulikulia." Valizi ya kijani ikawekwa nyuma ya jiko na kuku akataga humo. Kile kiganja kwenye kitambaa kilihamia kila mahali: alikunywa chai yake amekaa, hashoni, na ukimsemesha katikati ya kushona aliachia pedali kwanza. Nilikua nikidhani ndivyo alivyo, mtu aliyechoka kungoja akaamua kuacha. Nilipoolewa nikaiga. Nikawasimulia wanangu.

Sasa rudini nami pale kwenye kaunjika, Lilongwe, nimeshika nguzo. Sikununua uzi wala zipu. Nilikwenda moja kwa moja Likuni kwa Riziki, ambaye ameolewa huko na Mmalawi. Nilimkuta anachambua mboga. Nikamweleza harufu, nikamweleza makoti, nikacheka mwenyewe na ule ujinga wangu wa kudhani wananiacha. Yeye hakucheka.

"Sifa," akasema, "we hukujuaka?"

"Kujua nini?"

Aliendelea kuchambua. "Ile siku ya ofisi. Kesi ilikuwa imepita. Bantu batatu. Banamuambia weye ubaki kwanza na majirani, karatasi yako itafuata nyuma. Akauliza, itafuata lini? Hakuna aliyejua. Banamupa siku tatu ya kujibu."

Nilivuta kigoda changu karibu naye.

"Akanipeleka nyuma ya nyumba. Akasema, Riziki, we ni mukubwa, hii kitu haiko yangu peke yangu. Bahati hawezi kujua, lakini weye unajua. Tufanye je?" Akatupa jani bovu pembeni. "Nikalia sana. Halafu nikasema tubaki."

"Ulikuwa na miaka kumi na mbili, Riziki."

"Nilijua na mukasi. Nilikunawisha mikono." Akaniinulia macho, mara ya kwanza tangu aanze. "Lakini makoti sikubeba. Nilisema tubaki. Sikusema nitabeba."

Nililia pale kuliko nilivyolia msibani. Nilimwambia anisamehe. Akaniuliza anisamehe nini, nilikuwa mtoto, na kesi ile haikuinuka tena na hakuna wa kulaumiwa humu ndani. Akanipa mboga nimsaidie kuchambua. Tukachambua. Alipokuwa anaosha sufuria, amenipa mgongo, akasema, "Lilikuwa zuri lakini. Lile koti."

Kesho yake nilirudi sokoni nikatafuta kwenye yale mabelo mpaka mikono ikanuka. Jekundu halikuwepo. Nikanunua kitambaa, kizito, cha rangi ile kadiri ninavyoikumbuka, na sasa kimetandazwa juu ya meza ya Mama Mudogo. Mwezi wa sita umeingia na asubuhi za wilaya hii ya Dowa zinakata masikio, kwa hiyo hata yeye angekubali kwamba kinatumika leo. Nimekipitishia kiganja kutoka pindo hadi pindo. Mkasi uko mkono wa kulia, na lile doa lake.

Nilimtumia Riziki ujumbe anipe vipimo vya mabega na mikono, kwamba namshonea kitu. Sikumwambia kitu gani. Alikaa kimya hadi mchana, halafu akaleta namba tu, moja chini ya nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkasi simu ilipolia tena.

"Na kofia," ameandika.